Mwanamke wa Vikombe Viwili

Siku watu walipoingia katika nyumba za Wazungu waliokimbia, mwaka wa tisini na moja, kila mwanaume wa mtaa wetu alirudi na kitu. Mmoja alisukuma friji kwenye mkokoteni kutoka mjini mpaka kwake. Mwingine aling'oa milango mitatu pamoja na fremu zake. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alileta choo cha kukalia, cheupe pe, akakiweka uani, na kila jioni alikikalia kama kiti akisikiliza redio. Shemeki yangu, yaani mume wa dada yangu mkubwa, ambaye naye aliniita shemeki vile vile, alirudi na boksi moja la karata.

Boksi moja! Dogo, la kushika kwa mkono mmoja.

"Hii tu njo ulipata?" dada yangu alimuuliza. Mimi nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu huku Likasi.

"Bengine balikuwa banapigana juu ya matela ya kulalia," shemeki akasema. "Minye sipendi fujo."

Ndivyo alivyokuwa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, katikati ya moto na asidi, lakini ukipiga chafya nyuma yake anaruka. Yaya alimpenda hivyo hivyo. Mimi sikumpenda sana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikaa kwao pamoja na mama yetu mjane, shule ya masere, watawa wa kike, ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu hawakulipwa, na nilikuwa na mdomo. Mdomo huo ndio ninaotaka kuusimulia.

Wanaume wa mtaa walijaribu kuzicheza zile karata. Walikaa uani kwa jirani, wakazigawa, zikabaki nyingi mno mikononi, zaidi ya sabini, na hakuna aliyejua ipi inakula ipi. Waligombana, wakatupa chini, wakaenda zao. Ndipo tulipoziangalia vizuri. Hazikuwa karata za kuchezea. Zilikuwa picha, na kila picha ilikuwa na watu wa sura nyeupe waliovaa nguo nyeusi au nyekundu, wenye meno mawili marefu yaliyotoka nje ya mdomo. Popo walijaa kila mahali.

Mama alishika moja, akaiachia haraka, akafanya ishara ya msalaba.

"Hawa njo batumbula benyewe," akasema. "Mutoe hii kitu mu nyumba."

Asiyezaliwa Katanga nimweleze kidogo. Kule pwani nasikia wanasema mumiani. Kwetu ni batumbula. Mama alikuwa msichana hapa wakati mji ungali na jina la Mzungu, na siku hizo watu hawakutembea peke yao jua likianza kushuka. Batumbula walikuwa watu weusi kama sisi, waliotumwa. Wanakukamata, wanakufungia shimoni, wanakulisha mpaka unanenepa, kisha damu yako inakwenda mezani kwa bwana wao. Mama hakusimulia kama hadithi. Alisimulia kama mtu anayekuonyesha njia ya sokoni: usipite pale, pita hapa.

Karata hazikutolewa. Katika boksi kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa kilichoeleza maana ya kila picha, lakini kabla sijakisoma yaya alikuwa amekichana na kuwashia mbabula, jiko letu, kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha makaa na sisi tulikuwa na njaa. Nilimkaripia. Akacheka. "Bukari itaiva na maneno ya Bazungu," akasema, maana ndivyo tunavyouita ugali.

Basi maana zikageuka majivu, nikabaki mimi. Wanawake wa mtaa walikuja, kwanza kwa mzaha. Wewe uliyesoma kwa masere, hii inasema nini? Nami nikawaambia. Mume wako aliyeenda Zambia kutafuta unga anakukumbuka. Dada yako ana wivu. Nilitunga papo hapo, nikikunja uso kama masere wetu wa hesabu. Mmoja akaniletea bakuli la unga, mwingine matembele, na mzaha ukawa kazi. Sikuona ubaya. Redio yenyewe ilikuwa ikidanganya kila siku, tena bure.

Kulikuwa na karata moja ambayo wote waliiogopa na wote walitaka kuiona. Juu yake kulikuwa na namba XIV tu, bila jina. Mwanamke mweupe, nywele mpaka kiunoni, gauni jekundu, meno yake mawili yamelala juu ya mdomo wa chini. Mguu mmoja ndani ya maji, mguu mwingine juu ya jiwe la kaburi. Nyuma yake njia inapanda kilima, na juu ya kilima kuna jua, huwezi kujua kama linatoka au linazama. Katika kila mkono ana kikombe, na kutoka kikombe cha juu kitu chekundu kinaanguka ndani ya kile cha chini.

Yaya aliiangalia siku moja akichambua maharagwe. Aliiangalia kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akiangalia kitambaa kabla ya kukikata, maana alikuwa mshonaji.

"Huyu mama hanywi," akasema. "Eko anamimina tu."

Nikamwambia aendelee na maharagwe yake. Yeye aliacha shule darasa la tano la msingi. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji.

Mwaka uliofuata shemeki aliuza cherehani ya yaya. Hakumuuliza. Aliingia nayo sokoni juu ya baiskeli akarudi na nusu gunia la unga na samaki wakavu, akaviweka mezani akiwa na uso wa mtu anayesubiri kupongezwa. Tulikuwa tumelala njaa siku mbili, ni kweli. Lakini cherehani ile ilikuwa mikono ya yaya. Aliangalia mahali ilipokuwa, pale chini ya dirisha, akasema tu, "Sawa," akaanza kupika. Ile "sawa" iliniwasha zaidi kuliko kama angepiga kelele. Nikasema moyoni, huyu bwana, ngoja.

Kesho yake jioni alikuja mwenyewe kuomba nimsomee. Kiwandani tanuru zilikuwa zikizimwa moja moja, alitaka kujua kama atabaki kazini. Nikachanganya karata, na nitasema ukweli, nilijua XIV ilikuwa wapi. Nikaitoa.

"Mungu wangu," nikasema.

"Nini?"

"Shemeki, hii nyumba ulichukua hizi karata, mwenye nyumba alikuwa mwanamke?"

Alikuwa mwanamke, mke wa injinia. Kila mtu alijua.

Nikamsomea. Nikamwambia huyu ndiye mwenye nyumba, na ni mtumbula, na yule aliyekuja kuchukua bila kuomba, naye atachukuliwa bila kuombwa. Kikombe cha chini ni chake yeye mwanamke, kikombe cha juu ni wewe. Siku utakapomimina hata tone moja la damu, halitasimama, litaendelea mpaka uishe. Kisha nikaongeza la mwisho, na nilijisikia mjanja sana nilipolipata. Nikamwambia, angalia namba. Jumapili kanisani, angalia Njia ya Msalaba ukutani. Namba XIV ni nini?

Alijua. Tulijua wote, kila Kwaresima tulipiga magoti mbele yake. Kituo cha kumi na nne, Yesu anawekwa kaburini.

Uso wake ukawa kama majivu. Nilifurahi. Sina la kuficha: nilifurahi, nikaenda kulala na furaha yangu. Tangu siku ile akibeba kisu cha kumenyea muhogo alikibeba kwa vidole viwili. Walipokuja kiwandani kuwatoboa watu vidole ili kupima homa, alijificha. Nilimhadithia yaya nikicheka, naye hakucheka. "Utamwambia ulikuwa unachezea," akasema. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia.

Mwaka wa tisini na tatu watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, na wajomba zetu waliondoka. Mama yetu alikuwa na asili ya Kasai, baba yetu alikuwa mtu wa hapa, na huo ndio mwaka ambao kitu kama hicho kiliamua nani analala kwake na nani analala stesheni. Ndugu watatu wa mama, wake zao, watoto wao, walikaa wiki nyingi kwenye stesheni ya Likasi chini ya mahema ya plastiki wakingoja treni. Tuliwapelekea bukari kwenye sufuria. Mtoto mmoja wa mjomba alikufa pale pale, kando ya reli. Treni ilipokuja walipanda kwenda nchi ambayo wawili kati yao hawakuwahi kuiona. Mama alibaki kwa sababu yaya alikuwa na mimba. Alisema, mtoto akizaliwa nitaona.

Mtoto alizaliwa hospitalini mwanzoni mwa mvua, saa nne asubuhi, msichana, analia vizuri. Na yaya akaanza kutoka damu.

Mama muuguzi alitoka chumbani akijifuta mikono. Alikuwa amechoka, macho mekundu, yeye pia hakulipwa tangu zamani, lakini alikuja kazini kila siku na sitasema neno baya juu yake.

"Damu yake ni O," akasema. "Hapa kwetu hakuna hata tone. Mulete muntu wa O, na mulete mufuko wa kutilia. Mufanye mbio."

Mimi walinipima, nikawa A. Mama, A. Wajomba watatu, mmoja wao pengine angefaa, nani ajuaye, walikuwa mbali upande wa pili wa reli. Ndipo shemeki akafika kutoka kiwandani akihema, kadi yake ya kazi imening'inia kifuani. Wafanyakazi wote walikuwa na damu yao imeandikwa kwenye kadi, kwa ajili ya ajali. Chini ya picha yake, kwa wino mwekundu: O.

"Asante Bikira Maria," mama akasema. Alifungua kitenge chake kizuri, kile cha Jumapili alichokuja amejifunga, akabaki na cha ndani kilichochakaa, akatoka nacho mbio. Kulikuwa na mzee wa Maniema, Mwislamu, aliyekuwa na duka karibu na hospitali, akiuza sindano, mifuko ya damu, mishumaa, sabuni. Mama alimwachia kitenge akarudi na mfuko umefungwa ndani ya nailoni. Tulikuwa na kila kitu. Nakumbuka nilihesabu kwa vidole: mtu, mfuko, muuguzi. Nilianza kupumua.

Shemeki alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono wa shati umekunjwa. Muuguzi akafungua nailoni, akautoa ule mpira mwembamba mrefu na sindano yake. Shemeki akasimama.

"Ile inaenda mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka mu mufuko, papa. Kaa."

Hakukaa. Aliniangalia mimi. Si muuguzi, si mama. Mimi.

"Shemeki," akasema, taratibu sana. "Unakumbuka."

Nikamwambia ilikuwa mchezo. Nikamwambia nilitunga, kijitabu kilichomwa, sijui chochote, sijawahi kujua chochote, nilikasirika kwa sababu ya cherehani. Nilisema yote haraka haraka, mbele ya mama, na mama alikuwa akitazama mdomo wangu bila kuelewa.

"Sasa unasema vile kwa sababu ni dada yako," akajibu. "Ile siku haukukuwa na sababu ya kunidanganya."

Hakuwa na ubaya ndani ya sauti. Alikuwa akifikiri kwa akili yake yote.

Nikakimbia nyumbani. Watu wanaweza kunicheka, lakini nilikimbia kuleta karata, kwa sababu nilijua maneno yangu hayatoshi bila picha. Kutoka hospitali mpaka kwetu, kwa miguu, kwenye matope. Nikaitoa ndani ya kopo la maziwa, nikarudi nikiwa na kiatu kimoja. Alikuwa bado amesimama pale pale, mgongo ukutani. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika miguu yake. Mkwe ameshika miguu ya mkwe wake. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Angalia," nikamwambia. "Angalia tena. Vikombe viwili. Mdomo wake hauko kwenye kikombe. Anamimina. Anatoa hapa anatia pale, basi. Ni kama vile unavyotaka kufanya sasa. Jua lile linatoka. Mguu uko ndani ya maji kwa sababu anasafisha. Ni karata ya kuponya, shemeki. Kwa jina la Mungu, ni ya kuponya."

Nilisoma vizuri siku ile. Niliamini kila neno. Akaiangalia, na kwa muda mfupi niliona mabega yake yakilegea.

"Na namba?" akasema.

Nikafungua mdomo. Mdomo huu ambao haukuwahi kukosa neno. Nilitafuta kitu chochote cha kumi na nne, siku, zaburi, chochote, na niliona ule ukuta wa kanisa tu na jiwe la kaburi.

"Namba ni namba," nikasema.

"Ile siku haukusema vile."

Akakunjua mkono wa shati akafunga kifungo. Akasema anaenda kupunga hewa kidogo, atarudi. Nilimwona kupitia dirisha akivuka uwanja wa hospitali, amekishika kiwiko chake kwa mkono wa pili.

Nikaingia kwa yaya. Midomo yake ilikuwa na rangi ya unga. Mlango ulikuwa wazi muda wote, alisikia.

"Usimukasirikie," akasema. "Anaogopa."

"Yaya, minye njo nilimwambia."

"Najua." Alifunga macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, kama mtu anayemalizia mazungumzo ya jana, "Nilikuambia lakini. Eko anamimina."

Alikufa saa tisa mchana. Mfuko ulikuwa juu ya meza, mtupu, msafi.

Mama ndiye aliyekumbuka kitenge. Alinituma dukani na ule mfuko, nikamwambie mzee haukutumika, tunaomba kitenge tumfungie marehemu. Yule mzee aliuangalia mfuko, akauangalia uso wangu, akainama chini ya kaunta akakitoa kikiwa kimekunjwa. "Pole, mwanangu," akasema. Mfuko alikataa kuupokea. Nilitembea mpaka hospitali nikiwa na vyote viwili.

Shemeki alikuja kwenye kilio siku ya pili. Alikaa chini karibu na ukuta, hakuna aliyempa mkono. Watu walikuwa wamekwisha kujua kwamba alikuwa na damu ya kumwokoa mkewe akaondoka nayo. Jirani wa choo cheupe ndiye aliyesimama kuuliza. Alimuuliza kwa heshima, mbele ya wazee wa pande zote mbili: kwa nini?

"Ni karata," shemeki akasema. "Shemeki alinisomea."

Watu wote wakanigeukia. Wanawake waliokuwa wakiimba wakaacha wimbo katikati. Karata nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye pindo la kitenge changu tangu hospitali, sijui kwa nini.

"Isome basi," jirani akasema. "Na sisi tusikie."

Mama alikuwa amekaa mbele yangu, mtoto mapajani, akinisubiri. Alikuwa amesikia maneno yangu pale hospitali lakini hakuyashika, nililiona hilo kwenye macho yake. Alikuwa akiniomba nimpe mtu mwingine wa kumchukia. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja: nilidanganya, kwa hasira, na yeye akaniamini. Niliitoa karata. Nikaishika mbele ya uso wangu ili nisimwone mtu yeyote.

"Inasema," nikasema, "katika nyumba hii kuna mtu anayekunywa damu ya mwenzake."

Sikusema nani. Haikuhitajika. Mtu mmoja nyuma akasema lile neno la zamani, mtumbula, kisha mwingine, na wanaume wakaanza kusimama. Mimi nilishusha karata nikamwona shemeki. Nilitegemea atapiga kelele, atanielekezea kidole. Alikuwa akitazama mikono yake. Aliigeuza, akatazama viganja, polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo juu yake mwenyewe ambalo alikuwa hajui. Aliamini. Hata hilo aliliamini.

Aliondoka kabla hawajamgusa. Tulisikia baadaye kwamba yuko Kakanda, anachimba madini, anaishi peke yake, hataki mtu akae karibu naye akila. Kisha hatukusikia tena.

Karata zote nilizichoma kwenye mbabula ile ile. Miaka mingi baadaye, Lubumbashi, niliona karata kama ile, bila meno, kwenye meza ya mama mmoja muuza vitabu vya zamani. Chini iliandikwa maana yake kwa Kifaransa. Nilikuwa na macho mazuri bado, ningeweza kusoma nikiwa nimesimama pale pale. Niligeuza uso nikaenda.

Mtoto aliishi. Nilimlea mimi, maana mama hakumaliza hata mwaka. Ana mikono ya yaya, anaweza kukata kitambaa bila kupima, lakini macho ni ya baba yake, macho yanayokungoja useme ili yajue. Alipofika miaka kumi aliniuliza mama yake alikufaje. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumi. Nikamwambia alitoka damu, na baba yako alikuwa nayo akakataa.

"Kwa nini alikataa?"

"Alikuwa mwoga," nikasema.

Akaniangalia kidogo. Kisha akatikisa kichwa, ndiyo, akarudi kwenye daftari lake.